Wiki Nane za Kumpoza Kavata

Ndugu yangu Nthiwa hajawahi kunitembelea mikono mitupu, lakini mwaka jana, mwezi wa Juni, alipita kiasi. Alishuka mbele ya lango langu hapa Nunguni na masanduku matatu ya plastiki yenye vifuniko vilivyotobolewa matundu madogo madogo, na mimi, mtu mzima niliyefundisha darasa la nne miaka thelathini na mmoja, nikadhani ameniletea vifaranga. Nikamwambia ayapitishe jikoni, karibu na moto. Alicheka hadi akakohoa.

"Hapana, dada. Hawa wanataka baridi. Nipe ile stoo ya mawe."

"Vifaranga gani wanataka baridi?"

Akafungua kifuniko kimoja. Niliona mchanga tu, mchanga safi wa mtoni, na bakuli ndogo ya maji. Kisha mchanga ukasogea wenyewe na kichwa kikachomoza, kidogo, chenye macho ya kumeta. Nilipiga nduru ambayo jirani yangu Kitonga anaisimulia mpaka leo. Sinia ya chai nilikuwa nimeishika. Nilipopata fahamu ya kutazama chini, vikombe vilikuwa vipande na miguu yangu ilikuwa imelowa chai ya moto bila mimi kuhisi.

Nyoka watatu. Katika boma la mwenyekiti wa akina mama kanisani, siku moja kabla ya akina mama hao kuja kuomba hapo hapo sebuleni. Nilimwambia Nthiwa arudi alikotoka na dhambi zake. Hakubisha. Aliketi juu ya jiwe, akaanza kuokota vipande vya vikombe kimoja kimoja, na hiyo ndiyo tabia yake inayonichosha kuliko zote: ukimgombeza anatafuta kazi ya kufanya.

Acha nimweleze mtu huyu. Nthiwa ni kitinda mimba wetu. Mimi nilimtangulia kwa miaka sita. Alipofika miaka ishirini na mitatu alihamia Zombe, kule Kitui, kulima shamba la mjomba wetu, na kama kila mtu wa kule alijiunga na kikundi cha kuchimba bwawa la mchanga mtoni, ili maji ya mvua yasipotee. Mwaka wa 2006, jembe lake lilifukua nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya kutu na machungwa, mwenye mkia butu ambao wengi huudhani ni kichwa cha pili. Wenzake waliokota mawe. Yeye alivua kofia, akamzoa nyoka pamoja na mchanga wake, akaenda naye nyumbani. Baadaye mtafiti mmoja aliyepita huko alimwambia kwamba nyoka yule wa mchanga hana sumu hata kidogo, kazi yake ni kula panya. Nthiwa akaona watu wanamuua rafiki bure. Ilimwingia hivyo, na haikumtoka.

Alikuwa na mchumba, Kathini, msichana wa watu, mwenye bidii. Kathini aliona sanduku moja chini ya kitanda akarudi kwao siku hiyo hiyo. Nthiwa hakuoa tena. Hana mtoto.

Na mimi, tangu siku aliponisimulia habari ya kofia, sikumpa mkono tena. Nasema ukweli wangu: nilikuwa hivyo. Akija, nilimsalimu kwa mdomo. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha kijani, na kilikaa kivyake juu ya dirisha. Alinywea humo miaka kumi na tisa na hakuuliza hata mara moja kwa nini hakichanganywi na vingine.

Lakini nisimpunje. Kule Zombe ana kibali cha serikali cha kufuga, na shule zinaleta watoto kwake wafundishwe nyoka yupi ni wa kuogopwa na yupi ni wa kuachwa apite. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo jamaa yake pia, maana mtu akiamka asubuhi, wa kwanza kumwamkia ni nani? Kwake ni hao.

Basi siku ile, akiwa bado anaokota vipande, alinieleza shida yake.

"Kibali kinaisha Desemba, dada. Afisa atakuja. Wanataka kuona watoto waliozaliwa kwangu, si wa kuokota porini. Nisipokuwa nao, wanawachukua wote. Miaka miwili sasa nawaweka dume na jike pamoja, hakuna kitu. Wanaangaliana tu."

"Labda hawapendani."

"Zombe ni joto mwaka mzima kwangu, chumba changu ni cha mabati. Hawa lazima mwili uone baridi kwanza, wiki kama nane, halafu joto lirudi polepole. Hapo ndio jike anajua msimu umegeuka, anakubali dume. Nunguni Julai ni baridi ya bure."

Nilimtazama kwa mshangao. Sisi hapa tunalaani ukungu wa Julai, tunavaa sweta mbili, tunalala na soksi. Yeye amesafiri siku nzima kuja kuuomba.

Nilikubali shingo upande, kwa masharti: masanduku yafungwe kamba, stoo ifungwe kufuli, na kanisa lisijue. Naye akatoa yake. Kila asubuhi na kila jioni nisome kipimajoto na kuandika katika daftari alilolipigia mistari. Maji yabadilishwe. Na chakula, hapana. Hata kidogo.

"Wiki nane?" niliuliza. "Bila kula?"

"Niliacha kuwalisha wiki mbili zilizopita ili matumbo yawe tupu. Dada, nisikie vizuri. Kwenye baridi tumbo lake limelala. Halina joto la kusaga chakula. Akila, kile chakula kinaoza ndani yake na kinamuua. Madume ni wawili, lakini jike mkubwa niliye naye ni huyu mmoja. Akifa Kavata, nimeisha."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Akifa nani?"

Akainama. "Kavata."

Kavata ni mama yetu. Mama yetu mzazi, marehemu, aliyelala pale nyuma ya miparachichi. Nyoka aliyejizika kwenye mchanga langoni kwangu alikuwa amepewa jina lake. Nilishikwa na butwaa hata hasira ilichelewa kufika. Ilipofika, nilimwambia maneno ambayo mwenyekiti wa akina mama hapaswi kuyajua. Nthiwa alingoja nimalize.

"Wewe una binti, Mutheu. Ulimpa jina la wifi yako," alisema. "Wa kubeba jina la mama kwa upande wangu hakuna. Nisingeliacha tu liishe."

Akaondoka kesho yake alfajiri kuwahi gari.

Wiki ya kwanza niliingia stooni kama mtu anayeingia kuiba. Nilifungua mlango kwa fimbo. Kipimajoto nilikisoma nikiwa mlangoni, kwa miwani, shingo nimeinyoosha. Digrii kumi na nne asubuhi, kumi na tisa jioni. Niliandika. Mimi ni mwalimu. Ukinipa daftari lenye mistari siwezi kuacha mstari wazi.

Wiki ya tatu nilishangaa kujikuta nimeketi humo juu ya gunia la maharagwe. Madume walijificha siku zote, lakini Kavata alikuwa na desturi ya kutoa kichwa mchangani nilipobadilisha maji na kukiacha hapo, akinitazama bila kupepesa, maana hawana kope. Nikaanza kumwambia habari za siku. Bei ya kabichi, mtoto wa Kitonga aliyeanguka mtini, wimbo uliotushinda kanisani. Nikitoka nje nilijiuliza nimepatwa na nini.

Kisha akaanza kukonda. Au mimi niliona amekonda. Mpaka leo sijui. Niliona mkunjo wa ngozi ubavuni, nikaona kichwa kimechelewa kuinuka. Na hapo ndipo kitu kikanishika ambacho Nthiwa hakukijua, kwa sababu hakuwepo.

Mama alikufa mikononi mwangu, Aprili ya 2017. Siku zake za mwisho alikataa kula. Nilimpikia uji wa wimbi, nikampikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, laini na uliopondwa, nikamchinjia kuku nikamnywesha supu kwa kijiko, na kijiko kiligonga meno kikarudi. Kijiko kile kwangu ni kama nilikishika jana. Nthiwa alizuiwa na mito iliyofurika upande wa Kitui, akafika tukiwa tumeshachimba kaburi. Yeye alimkumbuka mama aliyenenepa, anayecheka. Mimi nilibaki na yule mwepesi niliyeweza kumbeba kwa mkono mmoja.

Sasa ndani ya stoo yangu kulikuwa na Kavata mwingine asiyekula. Na katika nyumba hii, tangu wakati wa mama, mgeni akipita langoni hata kuuliza njia, hatoki bila kitu mdomoni. Mama alikuwa akimkimbiza mtu barabarani na sahani. Mimi nimelelewa hivyo. Siku ya tarehe kumi na moja Julai, saa nne asubuhi, niliamua kwamba Nthiwa anajua nyoka lakini hajui njaa.

Nilifikiri nimefikiri. Alisema tumbo halina joto. Basi nitampa joto. Nililibeba sanduku hadi jikoni, nikaliweka hatua mbili kutoka kwenye jiko la makaa. Baada ya nusu saa Kavata alitoka mchangani nusu mwili, ulimi unaingia na kutoka. Mtego wangu wa mahindini ulikuwa umenasa panya usiku huo. Nilimshika kwa koleo la makaa nikamsogeza. Kavata akarudi nyuma. Nikajaribu tena, akazika kichwa. Aliogopa chuma.

Nikatupa koleo. Nikamshika panya mkia kwa vidole vyangu hivi, nikapeleka mkono mchangani.

Aliruka. Sitasema uongo, nusura nizimie. Alijizungusha kwenye yule panya mara mbili, na ubavu wake ukagusa kifundo cha mkono wangu, na sikuutoa mkono. Mwili ulinisisimka wote. Nilikaa hivyo hadi akameza, huku machozi yakinitoka, na nilijisikia mwepesi kuliko nilivyojisikia tangu Aprili ile. Nilimwacha karibu na jiko saa nzima, nikaona imetosha, nikamrudisha kwenye baridi.

Saa nzima! Nilimpimia kama mtu aliyekula chapati mbili na chai.

Jioni nilifungua daftari niandike. Niliandika joto la madume. Kwenye mstari wa Kavata kalamu ilikataa. Kuandika uongo sikuweza, na ukweli sikuthubutu. Nikauacha wazi.

Siku ya tatu alikuwa amevimba. Si uvimbe wa panya tu. Tumbo lilikuwa limetutumka na ngozi imevutika, na nilipofungua kifuniko harufu ilinipiga usoni. Hakutoa kichwa. Nilimpigia Nthiwa nikiwa nimekaa sakafuni.

"Amevimba," nilisema. "Ananuka."

Akauliza kwa sauti ndogo: "Amekula nini?"

Na mimi, mwalimu, mwenyekiti wa akina mama, nikamjibu: "Sijui. Labda panya ameingia."

"Mungu wangu. Nilitoboa matundu makubwa." Alianza kupumua kwa nguvu. "Dada, sikiza. Mtoe kwa baridi sasa hivi. Jiko linaweza kumuunguza upande mmoja, usitumie. Mfunge tumboni kwako, ndani ya nguo, leso ikaze, na chupa za maji ya vuguvugu huku na huku. Joto la mtu ndio salama. Tafuta gari ushuke Kiboko, kule jua ni kali. Mimi natoka sasa, napitia njia ya Mutomo, tutakutana hapo. Dada, najua unaogopa. Ukishindwa, niambie."

Angenitukana ningeweza kushindwa. Aliponiambia anajua ninaogopa, nilinyanyuka, nikafungua blauzi, nikamtoa Kavata mchangani kwa mikono miwili. Alikuwa baridi mno. Nilimlaza juu ya tumbo langu, nikafunga leso mara mbili, nikavaa sweta juu. Niliona nyota.

Kitonga ana pikapu ya kubebea mboga. Nilimwambia nina dharura ya Kiboko, akaniangalia nilivyoshika tumbo kwa mikono miwili, akadhani ni vidonda vya tumbo, akaendesha kwa huruma mteremko wote akinishauri ninywe maziwa. Tulipopita Emali na joto kuanza kuingia dirishani, sweta ilisogea. Ikasogea tena. Kitonga aliiona.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Hiyo ni nini?"

"Endesha, Kitonga."

"Mwalimu, tumbo lako linatembea."

"Ni nyoka. Endesha."

Alisimamisha gari, akatoka, akasimama kando ya barabara kuu huku malori ya Mombasa yakimpita, mikono kichwani. Ilibidi nimwite kwa jina la baba yake ndipo arudi. Njia iliyobaki aliendesha akiwa ameegemea mlango, karibu aanguke nje.

Kiboko jua lilikuwa linachoma. Niliketi juu ya gogo nyuma ya vibanda, nikalegeza leso, nikampakata Kavata kwenye sketi. Alikuwa ameshapata joto langu. Baada ya muda mwili wake ukaanza kujivuta kwa nguvu, mkunjo baada ya mkunjo, mdomo ukafunguka hadi nikaogopa utachanika, na akamtapika yule panya mzima pale mapajani, ameoza, mweupe, ananuka hadi machozi. Sikusogea. Nilimpangusa mdomo kwa ncha ya leso yangu ya kanisani.

Kisha nikafanya jambo la aibu kuliko yote. Nilichimba shimo kwa kisigino nikamzika panya, kwa sababu shingo yake ilikuwa na alama ya mtego, na Nthiwa angeiona.

Alifika saa tisa, vumbi tupu, amebadilisha magari matatu. Alimchukua Kavata, akamsikiliza, akamfungua mdomo kwa kidole, akasema, "Yuko hai." Akaketi chini barabarani akalia. "Ni mimi," alisema. "Mimi na matundu yangu. Kama si wewe, dada, angekuwa amekufa. Wewe unayeogopa hivyo, umembeba."

Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo, nikasema, "Kunywa maji."

Kavata alipona, lakini msimu uliharibika. Nyoka akitapika namna ile hulishwa kidogo kidogo kwa miezi, na mwili ulikuwa umeona baridi nusu. Agosti Nthiwa alikuja kuchukua madume na daftari, kisha akawa ananipa habari kwa simu, mwezi baada ya mwezi. Septemba alimweka na dume: hakuna kitu. Oktoba: hakuna kitu. Novemba aliniambia ameziba matundu yote ya masanduku kwa wavu, moja moja, hata yale yasiyoingiza sisimizi. Kila aliponishukuru kwa siku ile ya Kiboko nilitamani ardhi inimeze.

Afisa alipanga kufika tarehe tisa Desemba. Nilipanda magari kwenda Zombe siku iliyotangulia. Nilikuwa sijawahi kufika kwake hata mara moja. Alifungua mlango akabaki ameshangaa, kisha akakimbilia kunipangusia kiti.

Afisa alikuwa msichana wa Mwingi, jina lake Nusaiba, mwenye buibui safi na buti zenye vumbi, mpole, asiyecheka ovyo. Alikagua maji, akakagua kufuli, akamshika Kavata bila wasiwasi. Halafu akaketi na daftari la Nunguni, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Nilimwona kidole kikisimama.

"Mzee Nthiwa, hii rekodi ni nzuri sana. Nani aliandika?"

"Dada yangu. Ni mwalimu."

"Siku zote zimejazwa. Lakini tarehe kumi na moja Julai, huyu jike hana kitu. Siku tatu baadaye ameandikwa mgonjwa. Umesema panya aliingia." Aliinua kifuniko, akasukuma wavu kando, akaweka ncha ya kalamu kwenye tundu, haikupita. "Panya gani anaingia hapa?"

Nthiwa alisema labda kifuniko kilikaa vibaya. Alisema ni kosa lake. Alisema mara tatu.

"Mzee, nikuambie ukweli," alisema Nusaiba. "Hakuna watoto. Chanzo kikijulikana na si ugonjwa wala uzembe wa mwenye kibali, naweza kupendekeza uongezewe msimu mmoja. Chanzo kisipojulikana, naandika hakijulikani, na wanyama wanahamishwa. Sina njia nyingine."

Nthiwa aliangalia masanduku yake. Midomo yake ilitetemeka kama alipokuwa na miaka mitano.

"Andika ni mimi," nilisema.

Wote wawili waligeuka.

"Hakuna panya aliyeingia. Nilimlisha mimi. Alinikataza, nikamlisha. Nilimweka karibu na jiko akala, nikamrudisha baridini nikidhani saa moja inatosha. Nikamdanganya kwa simu, na Kiboko nikamzika yule panya asimwone. Mstari ule niliuacha wazi kwa sababu ya woga. Andika jina langu lote: Muthoki, mwalimu mstaafu, Nunguni. Nitatia sahihi."

Nusaiba akaandika. Nilitia sahihi kwa mwandiko mbaya ambao ningemchapia mtoto. Alisema atapendekeza msimu mmoja, wa mwisho, na kwamba safari hii stoo iwe na daftari lile lile. Akatuaga, akatoka kwenda kwenye gari lake.

Tulibaki wawili. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kuombea msamaha, kwa mpangilio, kama somo. Nthiwa alisimama na mgongo wake kwangu.

"Ulimlisha kwa kitu gani?" aliuliza. "Koleo?"

"Kwanza koleo. Alikataa."

"Halafu?"

"Mkono."

Aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira niliyoingoja. Ulikuwa umepigwa na mshangao mtupu, macho yamemtoka.

"Mkono wako?"

"Nina mwingine?"

"Dada. Wewe hunipi hata mimi mkono."

Basi alikuwa anajua. Miaka kumi na tisa alijua, mkono, kikombe cha bati na dirisha, na alikuja kila mwaka akanywea humo. Yale maneno niliyopanga yaliniruka yote.

"Ulimwambia nini, wakati unampa?" aliuliza. Anajua kwamba mimi siwezi kulisha kiumbe chochote, hata paka, bila kukiambia neno.

"Nilimwambia," nikasema, "'Kula, mwaitu.'"

Kwa Kikamba hivyo ndivyo tulivyomwita mama yetu, sisi wawili, tangu tulipojua kusema. Nthiwa alifunika uso kwa kiwiko. Alipomaliza alipangusa kiganja chake kwenye suruali, mbele na nyuma, kwa uangalifu mwingi, akanyoosha mkono.

Niliushika. Miaka yote ile nilikuwa nimeamini, bila mtu kuniambia, kwamba mkono ule ni wa baridi. Ulikuwa na joto kuliko wangu.